Mwongozo Kamili wa Kumpikia Mzazi wa Kichina: Kuvijua Vyakula Baridi na Kuvikwepa Bila Kumnyima Mboga

Karibu kila aliyewahi kumpikia mzazi wa Kichina, yaani mama aliyetoka kujifungua, alipewa agizo moja: asile chochote baridi. Akatii. Akapasha kila kitu, akaweka bakuli mezani likifuka moshi, na bado bakuli likasogezwa pembeni.

Ndivyo ilivyonitokea Guangzhou, mji wa kusini mwa China, nilipokwenda kumsaidia wifi yangu, mke wa kaka yangu, baada ya kujifungua. Nilipika supu ya mbavu za ng'ombe na figili nyeupe, nikaipakua ikiwa bado inatokota. Mama yake alichovya vijiti, akanyanyua kipande cha figili, akakilaza ukingoni mwa bakuli na kusema neno moja la Kimandarini: liang, yaani cha ubaridi. Tangu siku hiyo nimeulizwa jambo hilohilo na wenzangu wengi, wakiwemo waliooa au kuolewa Uchinani na wanaopika katika nyumba za Wachina huku kwetu, na nimeona kwamba wengi wao hujikwaa palepale nilipojikwaa mimi.

Mwongozo huu unahusu desturi iitwayo zuo yuezi, maana yake kukaa mwezi. Mzazi hutulia ndani kwa takriban siku 30, na katika nyumba nyingine siku 40 au zaidi, jambo ambalo msomaji aliyekulia katika desturi ya arobaini hatahitaji kufafanuliwa sana.

## Vitu vya kuandaa kabla mzazi hajatoka hospitali

Vinunue mapema, kwa sababu siku mtoto atakapofika nyumbani hutapata nafasi ya kuzunguka sokoni.

- Tangawizi kongwe, ile yenye ganda gumu la kahawia na nyuzinyuzi nyingi, kilo 2 kwa kuanzia. Tangawizi changa yenye ganda laini haifai kwa kazi hii.
- Mafuta ya ufuta mweusi uliokaangwa, chupa 1.
- Kunazi nyekundu za Kichina zilizokaushwa, gramu 500. Ni ndugu wa kunazi zetu, ila ni kubwa na tamu zaidi.
- Longani zilizokaushwa, matunda madogo matamu ya Kichina, gramu 200, iwapo zinapatikana.
- Sukari guru, ambayo inafaa badala ya sukari ya kahawia ya Kichina.
- Siki tamu nyeusi ya Kikantoni, chupa 2 au 3, kwa nyumba zenye asili ya Guangdong, mkoa wa Wakantoni kusini mwa China.
- Kuku wa kienyeji, mayai, samaki wabichi, na miguu ya nguruwe kwa wanaoila. Jikoni kwa Waislamu, tumia makongoro ya ng'ombe au nyama ya kondoo. Kondoo pia huhesabiwa kuwa chakula cha moto, na Wachina Waislamu wa kabila la Hui huila sana.
- Chungu cha udongo au sufuria ya enameli yenye mfuniko. Usitumie sufuria ya alumini kupikia siki, kwa kuwa asidi huila alumini na kuiingiza katika chakula.
- Chupa kubwa ya chai isiyopoteza joto, ya kukaa kando ya kitanda usiku.

## Hatua ya 1: Keti na mama wa mzazi kabla ya kuwasha jiko

China ni nchi kubwa, na hakuna orodha moja inayokubaliwa kila mahali. Kaskazini, mzazi hupewa uji wa mawele madogo ya manjano wenye sukari guru pamoja na mayai ya kuchemsha. Guangdong wanataka miguu ya nguruwe iliyopikwa kwa tangawizi na siki. Taiwani wana utaratibu wa wiki kwa wiki: maini ya nguruwe katika mafuta ya ufuta wiki ya kwanza, figo wiki ya pili, kisha kuku wa mafuta ya ufuta.

Kwa hiyo uliza mambo manne na uyaandike: familia inatoka mkoa gani, vyakula gani hawavitaki kabisa, kama wanatumia pombe ya mchele jikoni, na kama mzazi amejifungua kwa upasuaji. Muulize mzazi mwenyewe pia, akiwa peke yake. Wapo wanaoifuata desturi kwa moyo wote na wapo wanaoifuata ili kumridhisha mama mkwe, na mpishi anayelijua hilo humhudumia mtu badala ya kuhudumia orodha.

Utajua hatua hii imekamilika ukiwa na karatasi moja iliyobandikwa ukutani jikoni, ambayo nyumba nzima imeiona na kuikubali.

## Hatua ya 2: Jifunze kutenga baridi na moto

Ubaridi unaotajwa hapa ni tabia ya chakula kikishaliwa, wala si hali yake kikiwa mezani. Tikiti maji lililoanikwa juani mchana kutwa bado ni baridi, na pilipili manga iliyotolewa kwenye friji bado ni ya moto. Tiba ya jadi ya Kichina huvipanga vyakula katika ngazi tano: baridi kali, ubaridi, wastani, vuguvugu na moto. Hoja yake ni kwamba kuzaa humpunguzia mama damu na nguvu ya uhai iitwayo qi, hivyo mwili wake huwa mtupu na wenye baridi, na kuuongezea ubaridi ni kuuchelewesha kupona.

Sayansi ya lishe haitumii mpango huo, wala haujathibitishwa kuwa unatibu. Hata hivyo, mgeni katika nyumba ya watu hana sababu ya kubishana nao, kwa kuwa karibu kila kirutubisho anachohitaji mzazi kinapatikana ndani ya vyakula vinavyoruhusiwa. Tena mantiki yenyewe si ngeni kwetu: bibi zetu wa pwani wanaomtilia mzazi pilipili manga kwenye uji na kumkanda kwa maji ya moto wanaielewa vizuri.

Vya kuweka kando mwezi mzima. Tikiti maji, peasi, ndizi mbivu, tango, karela, figili nyeupe, mwani wa baharini, choroko, kaa na chai ya kijani. Hivi ndivyo nyumba nyingi huvikataa bila mjadala. Ndizi huwashangaza sana wapishi wetu, na ndiyo sababu hata mtori, ambao Kilimanjaro ni chakula cha mzazi hasa, unaweza kutazamwa kwa wasiwasi. Waeleze kwamba ni ndizi mbichi zilizopikwa na nyama, kisha uwaachie waamue.

Vyenye ubaridi kidogo. Nyanya, bilinganya, mchicha, kabichi ndefu ya Kichina, tofu na dodoki changa. Usivitupe, kwa sababu vinaweza kurekebishwa jikoni, kama nitakavyoeleza katika hatua ya 4.

Vya wastani. Wali, karoti, viazi, kabichi ya kawaida, mayai, karanga, papai, nyama ya nguruwe, na samaki wengi wa mtoni na ziwani. Hivi ndivyo vitakavyoijaza sahani kila siku.

Vya vuguvugu na moto. Tangawizi, kuku, kondoo, kunazi, longani, sukari guru, mdalasini, pilipili manga na pombe ya mchele.

Matunda kama embe na nanasi hupangwa tofauti kutoka nyumba moja hadi nyingine, kwa hiyo yafuate yaliyoandikwa kwenye karatasi yako.

Onyo: si kila kilicho cha moto kinamfaa anayenyonyesha. Majani ya kitunguu cha Kichina ni ya moto, lakini Wachina wengi huamini kwamba hupunguza maziwa. Kimea cha shayiri nacho ndicho wanachokitumia wakati wa kumwachisha mtoto ziwa, basi kisiingie kwenye supu wala uji wa mzazi.

Utajua umeelewa ukiweza kusimama mbele ya meza ya muuza mboga na kuzipanga zote bila kuchungulia karatasi.

## Hatua ya 3: Wiki ya kwanza, pika vyepesi

Kosa jingine kubwa ni haraka. Mpishi mwenye nia njema humlundikia mzazi supu za mafuta tangu siku ya kwanza, wakati tumbo lake bado halijatulia na maziwa bado hayajashuka vizuri. Maziwa yakijaa ghafla na mtoto hajazoea kunyonya, matiti huvimba na kuuma.

Anza na uji wa mchele au mawele, supu nyepesi ya kuku iliyoenguliwa mafuta, mayai yaliyopikwa kwa mvuke, samaki, na mboga laini. Gawa chakula mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo.

Tangawizi nayo iwe vipande viwili vitatu tu katika supu. Wakunga wengi wa jadi wa Kichina wenyewe huzuia tangawizi nyingi, pombe na jinseng, mzizi wa dawa wa Kichina, katika siku za mwanzo, kwa kuhofia kwamba damu ya uzazi itazidi. Aliyepasuliwa asubiri ruhusa ya daktari kabla ya mafuta mengi ya ufuta na supu nzito.

Mafanikio ya wiki hii ni bakuli linalorudi jikoni tupu, na mzazi aliyepata choo laini kabla ya siku ya nne.

## Hatua ya 4: Ondoa ubaridi wa mboga badala ya kuondoa mboga

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wazazi wanapoumia. Mpishi akiambiwa mchicha ni baridi, huuacha. Akiambiwa machungwa ni baridi, huyaacha pia. Baada ya siku kumi mzazi anaishi kwa kuku, mayai na wali, choo kimekuwa kigumu, na mwenye mshono au bawasiri analia kila akienda msalani. Chama cha Lishe cha China chenyewe, katika miongozo yake kwa wanaonyonyesha, kinasisitiza vyakula vya aina nyingi visivyozidi kiasi, kwa hiyo mboga haivunji desturi.

Kwa bakuli moja la mboga za majani, fanya hivi:

1. Osha majani, yakate, uyachuje maji yote.
2. Weka kijiko 1 cha mafuta ya ufuta katika kikaango kwenye moto mdogo, pamoja na vipande 4 vya tangawizi kongwe visivyomenywa. Acha mpaka kingo za tangawizi zianze kujikunja na harufu itoke. Moto mkali huyafanya mafuta ya ufuta kuwa machungu, na uchungu huo hauondoki tena.
3. Tia majani, geuza, mimina nusu kikombe cha mchuzi wa kuku uliochemka, funika kwa dakika 3.
4. Pakua pamoja na mchuzi wake. Mzazi aule mchuzi, kwa sababu sehemu ya virutubisho imeyeyukia humo.

Kwa Mchina, tangawizi na moto vimeuondoa ubaridi wa jani. Kwa mpishi, nyuzi za mboga zimefika tumboni. Mbinu hiyohiyo inafaa kwa tofu, bilinganya na dodoki.

Matunda yasitoke kwenye friji kwenda kinywani. Kata papai au tufaha, weka vipande kwenye bakuli, kisha lisimamishe bakuli hilo ndani ya maji ya moto kwa dakika 10. Tufaha linaweza pia kupikwa kwa mvuke pamoja na kunazi tatu mpaka lilainike. Nilipompelekea wifi yangu bakuli la kwanza la tufaha la namna hii, mama yake alionja kijiko, akatikisa kichwa kukubali, akanionyesha kwa kidole kwamba kesho niongeze kunazi.

## Hatua ya 5: Supu ya samaki ya kushusha maziwa

Wachina hutumia samaki mdogo wa mtoni aitwaye karpi. Huku kwetu sato hufanya kazi hiyohiyo.

Mkaushe samaki kwa kitambaa safi, mkaange pande zote kwa tangawizi mpaka awe wa rangi ya dhahabu, kisha mmwagie maji yanayotokota, lita 1 na nusu. Maji yawe ya moto kwelikweli na jiko liwe kali kwa dakika 15 za mwanzo, kwa kuwa mtokoto huo ndio unaovunjavunja mafuta na kuyachanganya na maji, supu ikawa nyeupe kama maziwa. Ukitia maji baridi utapata maji ya kijivu yenye shombo. Punguza moto, tia papai bichi lililokatwa, pika dakika 20 zaidi, na mwisho chumvi kidogo.

Chuja kwa uangalifu, kwa sababu mzazi aliyekesha na mtoto hana subira ya kuchambua miiba.

Usimwahidi mtu kwamba supu pekee italeta maziwa. Maziwa huongezeka mtoto anaponyonya mara nyingi na kushika titi vizuri, na supu humpa mama maji na protini. Mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku kuanzia siku ya tano.

## Hatua ya 6: Miguu kwa tangawizi na siki

Chakula hiki ndicho utakachopimwa nacho katika nyumba ya Kikantoni, na wageni hupakuliwa bakuli wanapokuja kumwona mtoto. Wengi husubiri mpaka takriban siku ya 12, damu ikiwa imepungua, ndipo mzazi aanze kukila. Lakini siki hutengenezwa mapema, kwa kuwa huzidi kunoga inapolala.

Utahitaji tangawizi kongwe nusu kilo hadi kilo 1, siki tamu lita 1 na nusu, miguu kilo 1 iliyokatwa, na mayai 8 ya kuchemsha yaliyomenywa.

1. Kwangua ganda la tangawizi, ioshe, ianike mpaka ikauke kabisa. Unyevu ndio unaoozesha chungu kizima. Iponde kwa ubapa wa kisu na uikaange bila mafuta mpaka ikauke juu.
2. Iweke chunguni pamoja na siki, ichemke polepole kwa saa 1, kisha zima. Rudia kuichemsha mara moja kila siku kwa siku kadhaa.
3. Siku ya kupika, chemsha miguu kwa maji kwa dakika 10, mwaga maji hayo, ng'oa vinyweleo vilivyobaki, suuza kwa maji baridi, kisha ikaushe vizuri.
4. Itie katika siki, pika kwa moto mdogo saa 1 mpaka saa 1 na nusu. Makongoro ya ng'ombe huhitaji saa 3 au zaidi, na siki itaongezwa.
5. Zima moto, tumbukiza mayai, funika. Yalale humo usiku kucha mpaka yawe ya kahawia.

Imefaulu ikiwa ngozi inakatika kwa kijiko, mchuzi unanata midomoni, na ukali wa siki umefunikwa na utamu. Ikiwa inakwaruza koo, ongeza sukari guru na uichemshe tena. Mzazi mwenye vidonda vya tumbo apewe kidogo sana au asipewe kabisa, na mwenye kisukari apikiwe kwa siki isiyo na sukari.

## Hatua ya 7: Amua mapema kuhusu pombe na dawa za miti

Kuku wa mafuta ya ufuta wa Kitaiwani hupikwa kwa pombe ya mchele, na baadhi ya nyumba hutumia chupa nzima bila tone la maji. Wengi watakuambia kwamba pombe huisha jikoni. Haiishi. Kwa mujibu wa vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani, chakula kilichochemshwa na pombe kwa dakika 15 hubaki na takriban asilimia 40 ya pombe iliyotiwa, kwa dakika 30 asilimia 35, kwa saa 1 asilimia 25, na hata baada ya saa 2 na nusu husalia asilimia 5. Pombe hiyo hupita katika maziwa. Mimi humpika kuku huyo kwa maji, tangawizi, kunazi na mafuta ya ufuta tu, na ladha haipungui kiasi cha kustahili kumhatarisha mtoto.

Dawa za miti, kama mchanganyiko wa shenghua tang unaotolewa ili kusafisha mji wa mimba, zisipikwe kwa kukisia. Ndani yake kuna mzizi wa dang gui, ambao huongeza athari za dawa za kuzuia damu kuganda. Mwonyeshe daktari pakiti yenyewe kabla ya kuichemsha.

## Hatua ya 8: Vinywaji

Maji ya kunywa yawe ya vuguvugu, na yawepo muda wote. Usikubali ile kauli ya baadhi ya wazee kwamba mzazi asinywe maji matupu, bali watimizie haja yao kwa chai ya kunazi: kunazi 8 zilizotolewa kokwa, longani 6, maji lita 1, dakika 25 jikoni. Kokwa hutolewa kwa kuwa huaminiwa kuongeza joto kupita kiasi. Ijaze katika ile chupa ya chai kila jioni.

## Hatua ya 9: Soma dalili na urekebishe chakula

Mzazi akipata vidonda vya mdomo, kiu isiyoisha, chunusi na choo kigumu, Wachina husema moto umepanda. Punguza tangawizi kwa nusu, ondoa longani, ongeza mboga, maji na samaki kwa siku tatu. Akiharisha au tumbo likimsokota baada ya kula mboga fulani, iache hiyo na urudi kwenye uji na karoti.

Lakini zipo dalili ambazo jikoni hapana jibu lake: pedi inayolowa damu chapa ndani ya saa moja, homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu yenye harufu mbaya, kichwa kinachouma sana na macho kuona ukungu, au mguu mmoja uliovimba na kuuma. Zima jiko umpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama mwezi haujaisha na nyumba nzima inahofia upepo wa nje.

## Hatua ya 10: Kurudisha vyakula baridi mwezi ukiisha

Usimfungulie kila kitu siku ya 31. Wiki ya kwanza rudisha nyanya na machungwa. Wiki inayofuata leta figili ndani ya supu ya nyama, kisha ndizi, tena mchana baada ya mlo wa moto. Tango bichi na peasi vifuate. Kaa na tikiti maji viwe vya mwisho, na tikiti likatwe mapema lisimame nje ya friji kwa nusu saa kabla ya kumpelekea.